Jibu: Theluji kidogo mwanzoni mwa majira ya baridi

Ndugu, umeuliza kama theluji ya nusu mita tu inaweza kweli kuporomoka, maana mawe na vichaka bado vinaonekana. Ndiyo, inaweza, na huo wembamba wake ndio unaonitia wasiwasi.

Ardhi chini ya theluji hubaki karibu na nyuzi 0, huku hewa ya juu ikiwa baridi kali. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo husukuma mvuke kwenda juu kwa nguvu, na chembe za chini hugeuka kama sukari: hazishikani. Chota kiganjani, zitamwagika tu. Kisha inakuja dhoruba, upepo unarundika bamba gumu la theluji juu ya sukari hiyo. Uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja, na mara nyingi hupasuka juu yako, si chini ya miguu yako.

Mawe hayo hayashikilii theluji kama unavyodhani. Kandokando yake bamba ni jembamba na hufyatuka kwa urahisi. Ukikokotwa, ndiyo yatakayokuvunja mifupa.

Ogopa zaidi miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hasa yenye kivuli na iliyo upande uliokingwa dhidi ya upepo. Theluji ikididimia kwa mguno mzito, au nyufa zikikimbia kutoka ulipokanyaga, geuka hapo hapo, tafadhali.

Kila mmoja wenu avae kifaa cha kutoa ishara ya kumtafutia aliyefukiwa, abebe fimbo ya kudunga theluji na koleo. Aliyefukiwa anahitaji kutolewa ndani ya dakika 15 hivi. Msaada wa mbali hauwahi. Na mteremko wa mashaka vukeni mmoja mmoja.