Namna ya kuchagua tafiti huru za sera: mfano wa maji ya Usangu

Ndugu yetu wa Iringa ameuliza namna ya kukusanya tafiti huru na maoni kuhusu sera za maji na kilimo, ili madiwani na viongozi wa vyama vya ushirika wazipate mahali pamoja. Nimeifanya kazi hiyo hapa Mbeya kwa miaka kadhaa, na jambo ninalolisisitiza ni kwamba kila andiko litanguliwe na maelezo mafupi: nani aliligharamia, takwimu zilikusanywa lini na wapi, na watafiti waliuliza swali gani.

Chukua suala la Mto Ruaha Mkuu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama nyingi ziliwaangukia wafugaji wa bonde la Usangu, ambako mto huo hupita kabla ya kufika hifadhini, hata mifugo yao ikaondolewa kati ya mwaka 2006 na 2007. Ilhali SMUWC, mradi wa kutafiti matumizi endelevu ya ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake vya maji, uliofadhiliwa na Uingereza na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa umekwisha kuonyesha kuwa sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mifereji ya umwagiliaji miezi ya kiangazi. Anayeweka tamko la kuwaondoa wafugaji peke yake anapotosha. Anayeweka SMUWC peke yake naye hajatenda haki, kwa kuwa vipimo vile vina zaidi ya miaka 20 na Mbarali, wilaya liliko bonde hilo, leo si ile ya wakati huo. Mimi huviweka pamoja, tarehe ikiwa juu kabisa, pamoja na kauli za wafugaji na wakulima wa mpunga wenyewe.

Kuhusu uhuru wa utafiti, fedha za mfadhili hazitoshi kuuhukumu. Natazama kama dodoso na sampuli, yaani watu waliochaguliwa kuhojiwa, vimewekwa wazi, na kama yamo matokeo ambayo mfadhili asingependa kuyasikia. Ripoti isiyoeleza mbinu zake naiweka upande wa maoni, hata ikiwa imeandikwa na profesa.

Sampuli ina uzito wake. Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, huwahoji watu kwa simu, na sampuli yake inawakilisha Tanzania Bara kwa ujumla, hivyo haiwezi kusemea mkoa mmoja. Nimeshuhudia kikao ambacho asilimia ya nchi nzima ilisomwa kana kwamba ni ya wilaya, na mjadala wa bajeti ya visima ukajengwa juu yake. Inaumiza, kwa sababu wanaokosa maji ni watu halisi.

Mwisho, hifadhi nakala yako ya kila ripoti, maana miradi ikifungwa viungo vyake vya mtandaoni hufa. Andika muhtasari wa Kiswahili usiozidi ukurasa mmoja, kwani wengi wa Makete na Tukuyu husomea kwenye simu, na kila takwimu iambatane na namba ya ukurasa ilikotoka ili msomaji aweze kuihakiki mwenyewe.