Buti Moja, Kandambili Moja: Majibu kwa Wasomaji Waliovunjika Mguu

Barua zilizojaa mezani safari hii zinahusu buti la tiba, yaani lile buti gumu la plastiki linalofika karibu na goti, lenye sponji ndani na mikanda ya kunata nje, ambalo mgonjwa huvishwa badala ya POP, yaani plasta ngumu, au baada ya POP kukatwa. Nimefanya kazi ya mazoezi ya viungo kwa miaka mingi, na mwaka juzi nilivaa buti hilo mwenyewe kwa wiki 7, baada ya kukanyaga ukingo wa mtaro na kuvunja mfupa wa upande wa nje wa wayo. Kwa hiyo baadhi ya majibu haya yanatoka darasani na mengine yanatoka bafuni kwangu.

Mguu uliovunjika ni wa kulia, lakini kinachoniuma sasa ni nyonga ya kushoto na kiuno. Je, niliumia pengine bila kujua? (Mwalimu, Tabora)

Sidhani, Mwalimu. Naomba utazame umevaa nini mguu wa kushoto. Kama ni kandambili, chanzo cha maumivu kimeshapatikana. Soli ya buti ni nene kwa sentimita kadhaa, tena imebinuka mbele na nyuma kama tumbo la mtumbwi, ili mguu ubiringike kutoka kisiginoni hadi vidoleni bila kifundo kujikunja. Ukivaa kandambili nyembamba upande wa pili, mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake, nyonga inapanda na kushuka kila hatua, na kiuno ndicho kinacholipa deni hilo, hasa kwa mtu anayesimama ubaoni vipindi viwili mfululizo vya dakika 40.

Dawa yake ni kuuinua mguu mzima, yaani ule usioumia, ulingane na buti. Raba yenye soli nene inaweza kutosha. Isipotosha, chukua kiatu cha zamani kinachofungwa kwa kamba umpelekee fundi viatu. Wangu alikuwa na kibanda chake chini ya mwembe karibu na soko. Alinisimamisha juu ya boksi lililokunjuliwa, buti likiwa mguuni, akawa anachomeka vipande vya soli chini ya kiatu cha pili kimoja kimoja, huku akirudi nyuma hatua mbili kuutazama mkanda wa suruali yangu kama mwashi anavyotazama pima maji. Mkanda uliponyooka, alipaka gundi na kushona. Maumivu ya kiuno yaliyokuwa yameninyima raha kwa siku kumi yalipungua ndani ya siku tatu.

Jambo la pili ni mwendo. Wengi hulitupa buti kwa nje kama wanaoruka dimbwi. Elekeza vidole mbele, chukua hatua fupi, na uiache soli ijibiringishe yenyewe. Kama umepewa gongo moja, lishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Najua akili hukutuma ulishike upande unaouma, lakini ukifanya hivyo unauegemea mguu uleule unaotaka kuupumzisha. Uzito ubebwe na viganja, usibebwe na makwapa, kwa sababu mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hupita hapo na ikibanwa mkono hufa ganzi.

Nilale na buti au nilivue? Mwanangu anasema aliyefungwa POP halali bila POP, hivyo na mimi nisilivue. (Muuza genge, Morogoro)

Mwanao ana hoja, ila jibu linategemea kilichoumia. Aliyekatika kano ya kisigino, ile kamba nene iliyo nyuma ya kifundo, kwa kawaida hulala nalo, kwa sababu kuunyoosha vibaya mguu mara moja tu usingizini kunaweza kuvuta kano inayoanza kuungana. Aliyeteguka kifundo, au aliyepata ufa mdogo katika mifupa ya wayo, mara nyingi huruhusiwa kulivua usiku. Swali hili, pamoja na la kama unaruhusiwa kuukanyagia mguu na kwa uzito kiasi gani, ni la kumuuliza daktari wako kabla hujaondoka chumbani kwake, na ikiwezekana aandike jibu kwenye kadi.

Ukiambiwa ulale nalo, lifunike soli kwa foronya au kanga ya zamani, la sivyo utaamka shuka na chandarua vimechanika. Weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisielemewe usiku kucha.

Shikamoo. Nina miaka 63, nimeteleza na kuvunjika kifundo. Nyumba yetu ina choo cha kuchuchumaa, bafu ni la sakafu ya saruji, na mimi ni mtu wa swala tano. Nifanyeje? (Mama, Tanga)

Marahaba, mama, na pole sana. Tuanze na choo, maana watu huona haya kuuliza, ilhali hapo ndipo wengi huanguka mara ya pili. Kuchuchumaa na buti hakuwezekani, kwa sababu kifundo hakikunjiki, na ukijaribu, uzito wote unahamia kwenye goti moja. Tafuta kiti cha plastiki kilicho imara, kikatwe tundu la duara katikati, kingo zake zilainishwe kwa msasa, kisha kiwekwe juu ya shimo. Fundi seremala aliyezoea kazi za hospitali anaweza pia kukutengenezea cha mbao chenye mikono miwili. Jirani asiyejua shida yako atacheka, basi mwache acheke.

Kuoga, uoge umekaa. Ikiwa daktari ameruhusu buti livuliwe, ingia nalo hadi ndani, kaa kwenye kiti kingine kilichopigiliwa au kuegemezwa ukutani, livue ukiwa umekaa, oga, jifute, kausha hadi katikati ya vidole, uvae tena ukiwa bado umekaa. Usitembee bila buti juu ya sakafu yenye povu, hata kama ni hatua mbili za kufuata sabuni. Ikiwa hukuruhusiwa kulivua, mguu ufunikwe usilowe. Zamani tungesema chukua mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku kwetu Tanzania tangu Juni 2019, na ndugu zetu wa Kenya walitutangulia Agosti 2017. Tumia nailoni nene inayofunikia godoro jipya, uizungushe na kuifunga juu ya goti kwa kitambaa kipana, kamwe usitumie mpira wa kubana, kisha mguu ukae nje ya maji juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Kuhusu swala, mimi si mwanazuoni, kwa hiyo nitasema yale yanayojulikana na wengi. Anayeruhusiwa kulivua buti hutawadha kama kawaida, akiwa amekaa. Ambaye kulivua kunamdhuru ana ruhusa iliyotajwa katika fikihi ya kupangusa juu ya kifungo cha jeraha, kinachoitwa jabira, na madhehebu yanatofautiana kuhusu kuongeza tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji, hivyo mueleze imamu wako hali yako ilivyo. Kusali juu ya kiti kunajuzu kwa asiyeweza kusimama au kusujudu. Kiafya ninachokuomba ni usikalie miguu kwenye attahiyatu, kile kikao cha ndani ya swala, hata siku utakayohisi umepata nafuu.

Naendesha gari la abiria. Daktari amenipa wiki 6, lakini bosi anasema gari ni otomatiki na mguu mbovu ni wa kulia tu. (Dereva, Arusha)

Mguu wa kulia ndio wa breki na mafuta, liwe gari la gia au otomatiki. Ukiwa ndani ya buti husikii pedali imeshuka kiasi gani, na soli ile pana inaweza kukanyaga mbili kwa pamoja. Usiendeshe. Kama buti lingekuwa mguu wa kushoto, kwenye gari la otomatiki, huo ni mjadala mwingine, kati yako, daktari na kampuni ya bima. Kwenye bodaboda hakuna hata mjadala, kwa kuwa gia zipo kushoto na breki ya nyuma ipo kulia. Hata ukiwa abiria, panda bajaji.

Naishi ghorofa ya tatu, lifti hakuna, na kazini naenda kwa daladala. (Karani, Dar es Salaam)

Ukipanda ngazi, mguu mzima hutangulia. Ukishuka, buti hutangulia. Gongo huandamana na buti siku zote, na mkono wa pili hushika ukuta au chuma cha ngazi. Punguza safari: mimi nilitundika begi la mgongoni nyuma ya mlango, kila nilichotaka kushusha au kupandisha kikaingia humo, chai nayo ikasafiri kwenye chupa iliyofungwa vizuri, kwa sababu mwenye magongo hana mkono wa kubebea kikombe. Daladala ikija imejaa, iache. Mwambie konda mapema kwamba unashuka taratibu, kaa upande utakaoweza kunyoosha mguu bila kukanyagwa, na ukifika kazini uweke mguu juu ya kiti cha pili. Nyumbani jioni uinue juu zaidi, uwe juu ya kifua ukiwa umelala chali, maana uvimbe wa mchana hushuka kwa namna hiyo.

Buti linanuka, na ngozi inawasha. (Mwanafunzi, Mombasa)

Kwa joto la pwani ningeshangaa lisiponuka. Vaa soksi ndefu ya pamba inayofika juu ya ukingo wa buti, na uwe nazo angalau nne. Sponji ya ndani kwa kawaida hutoka: ifue kwa mkono, sabuni kidogo, ianikwe kivulini usiku ule ambao umeruhusiwa kulala bila buti. Usichokonoe kwa waya wala rula. Unapolivaa tena, sukuma kisigino hadi nyuma kabisa, funga mikanda kuanzia chini kwenda juu, na kama buti lina pampu ya hewa, jaza mwisho, hadi ukumbatiwe bila kubanwa. Vidole vikiwa vya baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungua. Mwenye kisukari akague wayo kila siku kwa kioo kidogo, kwa kuwa anaweza kupata kidonda bila kukisikia.

Mama mkwe anataka mguu ukandwe kwa maji ya moto na mafuta, shavu la mguu limevimba na linauma. (Mke wa nyumbani, Kigoma)

Mshukuru mama, halafu usikubali, na usiishie hapo. Mguu usiotembea unaweza kugandisha damu ndani ya mishipa yake, na dalili ndizo hizo ulizoandika: shavu la mguu kuvimba, kuuma, kuwa na joto. Kuuchua mguu wa namna hiyo ni hatari, kwa sababu donge linaweza kung'oka likaenda hadi mapafuni. Nenda hospitali leo hii. Ikiwa pumzi inakatika au kifua kinachoma, nenda saa hii hii unaposoma.

Nitajuaje muda wa kulivua umefika? Sisikii tena maumivu. (Mkulima, Mbeya)

Maumivu huondoka kabla mfupa haujakomaa, na wengi waliovunjika upya niliowahudumia walikuwa wameacha kusikia maumivu. Mivunjiko mingi ya wayo huchukua kati ya wiki 6 na 8, kano ya kisigino iliyokatika huchukua zaidi, na kabari zinazowekwa chini ya kisigino huondolewa moja baada ya nyingine kwa ratiba ya daktari. Subiri picha ya eksirei na neno lake. Ukiruhusiwa, anza kwa saa moja au mbili kwa siku, ndani ya nyumba, ukiwa na viatu vigumu vya kufunga, huku buti likiwa karibu. Shambani kwenye matuta liende nawe kwa wiki kadhaa zaidi. Asubuhi ya kwanza kifundo kitakuwa kigumu kama bawaba yenye kutu, na jioni kitavimba kidogo. Mimi nilianzia koridoni, kutoka mlango wa chumba hadi kwenye mtungi wa maji na kurudi, na siku ile nilirudi nimeshika ukuta.