Jibu: Kaka hapandi basi tangu ajali

Habari dada. Umesema kaka yako alinusurika ajali miezi 3 iliyopita. Sasa anashtuka usiku akipiga kelele na basi hapandi, hata la kwenda Kondoa tu. Mimi si daktari, ila nimepita humohumo. Honi ya lori pale stendi ya Nanenane ilitosha kunitoa jasho.

Kwanza angalia pombe. Nilikunywa ili nilale, ndoto zikazidi. Halafu msimlazimishe kusimulia. Dalili zikipita mwezi 1 si za kungoja, na yeye ana miezi 3 sasa, kwa hiyo mpelekeni kliniki ya Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Najua jina hilo watu wanavyolitania, mimi mwenyewe niliingia nimeshusha kofia! Kumbe kazi kubwa ilikuwa mazungumzo. Akitaja kujiua, msingoje tarehe, mpelekeni siku hiyohiyo.