Barua ya serikali iandikwe vizuri kabla hamjalipa ada

Ndugu yangu, umeuliza kama kikoa cha .africa (yaani mwisho wa anwani za tovuti, kama .com) kilitolewa kwa upendeleo, na kama chama chenu kijitose kuomba kikoa cha jina la mji wenu.

Kwamba kulikuwa na upendeleo, sitaapa. Ila utaratibu ulikwenda kombo. Waombaji kwa ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, walikuwa wawili: DotConnectAfrica na ZACR, msajili wa vikoa wa Afrika Kusini. DotConnectAfrica walipata barua ya kuungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika 2009. Mwaka uliofuata kamisheni ikaondoa uungaji mkono huo, baadaye ikaiunga mkono ZACR. Kamati ya serikali mbalimbali ndani ya ICANN ikalipinga ombi la DotConnectAfrica, ICANN ikakubali bila kuhoji sababu. Julai 2015 jopo huru likaamua kuwa ICANN ilienda kinyume na kanuni zake yenyewe. Pamoja na hayo, mwaka 2017 .africa ikaanza chini ya ZACR. Ushindi wa makaratasi, huo!

Kwa hiyo shughulikieni kwanza barua ya serikali ya kuwaunga mkono. Itaje chama chenu na kikoa chenyewe, isainiwe na mwenye mamlaka, na ieleze ni kwa utaratibu gani inaweza kubatilishwa. Ada ya kuomba mwaka 2012 ilikuwa dola 185,000, na ukijitoa hurudishiwi yote.