Usianze na simu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema hapo Yogyakarta unataka kuchunguza jinsi utamaduni na vyombo vya habari vilivyoiunda jamii ya Indonesia, wenzako wote wamekimbilia mitandao ya kijamii, nawe hujui uanzie wapi.

Usianze na simu. Simu ni ya juzi. Anza na lugha unayonunulia mboga sokoni.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliokutana Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, waliapa kuwa na nchi moja, taifa moja na lugha moja ya kuwaunganisha. Wajava ndio waliokuwa wengi kuliko wote, lakini hawakuchagua Kijava, chenye ngazi za heshima zinazomlazimu msemaji kujua kwanza nani mkubwa na nani mdogo. Walichagua Kimalei, lugha ya bandarini na sokoni, ndiyo leo inaitwa Kiindonesia. Sisi tuliolelewa na Kiswahili jambo hilo tunalielewa bila kuelezwa. Ila kumbuka, kiapo hakikuizua lugha ile: magazeti yalikuwa yameshaitembeza kisiwa hadi kisiwa.

Kisha ikaja televisheni. TVRI, televisheni ya serikali, ilianza 24 Agosti 1962, siku ya kufunguliwa kwa Michezo ya Asia Jakarta. Mwaka 1976 serikali ya Rais Suharto ikarusha setilaiti, ikaiita Palapa, jina lililotoka kwenye kiapo cha Gajah Mada, waziri mkuu wa Majapahit, dola ya kale ya Java, wa karne ya 14, aliyeapa kutoionja palapa (wengi husema ni viungo vya chakula) mpaka visiwa viwe chini ya mamlaka moja. Tazama hapo, mwanangu: chombo kipya kabisa kimevishwa nguo ya babu. Ukikuta jambo kama hilo, simama. Uliza nani alichagua nguo, na kwa nini hiyo.

Mwaka 1981 Suharto akaondoa matangazo ya biashara kwenye TVRI, kwa hofu kwamba yangewatia watu wa vijijini tamaa ya vitu wasivyoweza kununua. Mtawala anapoiogopa picha kiasi hicho, amekwisha kukuonyesha anavyoamini picha inaweza kufanya nini.

Lakini jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni filamu ya serikali ya 1984 kuhusu usiku wa 30 Septemba 1965, majenerali walipouawa na serikali ikawabebesha lawama wakomunisti. Ina urefu wa zaidi ya saa nne. Kwa miaka mingi ilirushwa kila tarehe 30 Septemba, na wanafunzi wakatakiwa kuitazama. Mauaji ya majenerali yameonyeshwa kwa kina cha kutisha. Watu laki kadhaa waliouawa miezi iliyofuata, kwa kushukiwa ukomunisti au kwa kusingiziwa tu, hawamo. Mtoto aliyeiona mara kumi hakufundishwa tu jambo la kuamini. Alifundishwa pia wafu gani wa kuwalilia. Nimefundisha historia miaka mingi, na bado nikilifikiri hilo moyo unanienda mbio.

Suharto aliondoka madarakani Mei 1998, na Septemba ile filamu haikurushwa. Hapo ndipo ningeweka swali lako la utafiti: picha ikiondoka kwenye kioo, inabaki wapi ndani ya mtu? Nani bado anaogopa kutaja jina la babu yake?

Ulisema ibu kos wako, mama mwenye nyumba, ana miaka hamsini na kitu. Basi alikuwa mwanafunzi miaka ile. Usimwendee na daftari. Msaidie kwanza kumenya vitunguu, ukae naye siku nyingi, halafu umuulize kwa adabu usiku ule walikuwa wakitazama kwa nani, nani alikaa karibu na kioo, na nani alitoka nje. Asipotaka kusema, muache, usimbane.

Niandikie atakachokuambia. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako