Nimepewa mtoto wa mbwa, sasa anaumwa: gharama ni za nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, jamaa yangu alinipa mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi. Siku chache baadaye aliacha kula, akaanza kutapika na kuharisha damu yenye harufu kali. Jamaa anasema mbwa alitoka kwake akiwa mzima, hivyo matibabu hayamhusu. Malipo yangu ya korosho bado hayajaingia. Jukumu ni la nani, na nianzie wapi kwa fedha kidogo niliyo nayo?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, jukumu ni lako tangu siku ulipompokea. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hata isingekuwapo, kiumbe huyo hana mtu mwingine wa kumtegemea. Hata hivyo, usigombane na jamaa yako, bali muulize kama mama wa mbwa huyo alichanjwa, kama watoto walipewa dawa ya minyoo, na kama wale waliobaki kwake nao wanaumwa, kwa kuwa majibu hayo yatamsaidia sana daktari na hayakugharimu chochote.

Dalili unazozieleza zinafanana na za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa wachanga wasiochanjwa, ingawa minyoo nayo huweza kuleta kinyesi chenye damu. Parvo huua upesi kwa kumkausha mgonjwa maji, kwa hiyo usisubiri fedha ya korosho. Mpeleke leo kwa ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa halmashauri, umtajie mapema kiasi ulicho nacho na kumwomba aanze na lililo la lazima, ambalo mara nyingi ni kurudisha maji mwilini na kuzuia kutapika. Kusema ukweli kuhusu mfuko wako si aibu, na malipo ya awamu huombwa kabla ya tiba.

Kabla hujaondoka, mguse fizi. Zikiwa kavu na zenye kunata, au ngozi ya mgongoni ukiivuta ikachelewa kurudi, amepungukiwa maji. Kama ana fahamu na anameza, mpe kijiko cha chai cha maji ya ORS kila baada ya dakika chache. Akitapika, simama kwanza. Usimlazimishe kunywa akiwa amelegea, maana maji yataingia mapafuni. Dawa za maumivu za binadamu, kama paracetamol na diclofenac, usimpe kabisa: zinaweza kumuua. Akitokwa mate mengi na kushindwa kumeza, usitie mkono mdomoni mwake, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Virusi vya parvo hukaa ardhini kwa miezi mingi. Fukia kinyesi, ondoa uchafu sakafuni, kisha pasafishe kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na usilete mbwa mchanga asiyechanjwa uani hapo.

Akipona, mwulize daktari ratiba ya chanjo zilizobaki. Ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na kwa kuwa chupa moja mara nyingi huwa na dozi 10, majirani wenye mbwa wanaweza kukubaliana siku moja na kuchangia gharama ya kumleta mtaalamu mtaani.