Baada ya Kuwekewa Bamba, Kifundo Kifungwe kwa Muda Gani?

SWALI: Mama yangu, mwenye umri wa miaka 61, aliteleza akavunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba la chuma lenye skrubu. Baada ya wiki 2 daktari amemwondolea plasta na kumtaka aanze kukunja kifundo, ilhali jirani yetu alifungwa wiki 6. Je, si mapema mno?

JIBU: Wasiwasi wako unaeleweka, lakini huenda wawili hao hawakutibiwa kwa njia moja. Mfupa uliofungwa kwa plasta pekee huhitaji kutulizwa kwa takriban wiki 4 hadi 6, kwa kuwa plasta ndiyo inayozuia vipande visihame. Bamba hufanya kazi hiyo kutoka ndani, na ndiyo maana madaktari wengi, wakiridhika kwamba vipande vimeshikamana imara, huruhusu kifundo kianze kukunjwa mapema. Kufunga kwa muda mrefu kuna madhara: viungo hukakamaa, misuli hunywea, na vidole, ambavyo vilipaswa kukunjwa tangu siku ya kwanza (jambo linalosahauliwa mno), hushindwa kufumba ngumi.

Hata hivyo, kuruhusiwa kukunja si kuruhusiwa kubeba. Mama asiinue ndoo wala kuegemea mkono huo kabla daktari hajathibitisha kwa eksirei kwamba mfupa umeunga. Maumivu yakizidi, vidole vikifa ganzi au kidonda kikitoa usaha, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.